Viungo vikivimba msiishie kwenye baridi yabisi, ulizeni na TB

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Naandika kuhusu ile makala yenu ya ukurasa wa afya, ile ya maumivu ya viungo, nimeisoma mara mbili manake mara ya kwanza nilidhani nimeruka mahali. Mmetaja uzee, mmetaja unene, mmetaja jongo na nyama choma na bia, mmetaja baridi yabisi, sawa, sina ugomvi na hayo, yote yapo na yote yanatesa watu. Ila TB hamna. Hata neno moja. Sasa nchi yetu Tanzania ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, majirani Kenya wapo, Uganda wapo, Kongo wapo, Zambia na Msumbiji wapo, alafu tunaandika ukurasa mzima wa viungo kuvimba tunamwambia msomaji apunguze uzito na avae sweta. Na pembeni ya makala mmeweka tangazo la mtu anauza unga wa mizizi wa kutibu viungo vyote kwa siku saba. Hilo la tangazo najua ni hela, nalipita.

Mimi ni nesi mstaafu, sehemu kubwa ya kazi yangu nimekaa kliniki ya TB hospitali ya wilaya, kugawa dawa, kupima uzito, kuwasaka walioacha dozi, kwahiyo ninachosema hapa sijakiokota kijiweni.

Watu wakisikia TB na viungo kwa pamoja wanafikiria TB ya mifupa. Ipo hiyo. Kijidudu chenyewe kinasafiri na damu kinaenda kukaa ndani ya mfupa au kiungo, sana sana uti wa mgongo ndo maana mtu anabaki na kibyongo, au nyonga, au goti. Hiyo kwa kawaida inashika kiungo kimoja, inaenda polepole, goti linajaa bila moto mkali, na ukiliacha linaliwa gegedu, ule mfupa laini wa kwenye maungio, na mfupa wenyewe, mtu anachechemea mpaka anazikwa. Wakitoa kinyama kidogo humo wakapima wanaweza kumkuta mdudu. Na dawa zake huwa ndefu kidogo kuliko za mapafu.

Ninayotaka kuisema mimi ni nyingine. Hii mtu ana TB mahali pengine kabisa, kwenye tezi za shingo, au mapafu, au tumboni, alafu viungo vyake vinavimba, na mara nyingi sio kimoja, vinakuwa kadhaa, vifundo vya miguu ndo vinaongoza, magoti yanafuata, mkono pale unapoungana na kiganja, viwiko. Vinauma kweli, asubuhi mtu anashindwa hata kushika kikombe cha chai. Ukivuta maji ya goti ukayaangalia kwenye hadubini hakuna mdudu, ukayaotesha maabara hakimei kitu, ukayaweka kwenye jinieksperti, ile mashine ya kutambua TB, inakwambia hakuna. Daktari asiyejua akiona majibu hayo anafuta TB kabisa kwenye karatasi yake, kumbe alitakiwa amtafute mdudu shingoni au kifuani, kwenye goti hayupo na hajawahi kuwepo.

Inaitwa ugonjwa wa Poncet, kwa jina la mpasuaji wa Kifaransa wa mji wa Lyon, Antonin Poncet, aliyeueleza mwaka 1897. Fikirieni mwaka huo hali ilivyokuwa, Robert Koch alishatangaza kijidudu cha TB kule Berlin tarehe 24 Machi 1882, lakini dawa hakuna hata moja, streptomaisini ilikuja kupatikana 1943. Kwahiyo Poncet alikuwa hana cha kumpa mgonjwa zaidi ya kumwangalia, na alipowaangalia akaona kuna watu wana TB na viungo vimevimba lakini havina usaha, haviozi, haviliwi kama TB ya mifupa ya kawaida. Toka hapo wakubwa wamebishana zaidi ya miaka mia. Wapo waliosema hakuna kitu kama hicho, huyo ni mtu mwenye TB ambaye kwa bahati yake mbaya ana baridi yabisi pia. Kilichowafunga mdomo wengi ni dawa zenyewe, mgonjwa akipewa dawa za TB, viungo vinatulia ndani ya wiki kadhaa au miezi michache, na havibaki na kilema. Baridi yabisi ya kweli haiondoki kwa hizo dawa za TB, rifampisini na aisonaziadi, hilo kila aliyeuguza mtu wa baridi yabisi analijua.

Sasa kwanini goti livimbe wakati mdudu yupo shingoni? Ni kinga ya mwili. Wale wa vijijini mnaelewa sungusungu, wakipiga filimbi usiku wanamfukuza mwizi aliyeingia nyumba ya tatu, kwenye kukimbiza huko wanavunja na mlango wa jirani ambaye hana habari. Askari wa mwili wakishachochewa na kijidudu cha TB wanaanza kuvamia na ngozi laini ya ndani ya viungo, inawezekana kwasababu kuna vipande vya huyo mdudu vinavyofanana na vitu vilivyopo kwenye gegedu letu, hiyo ni nadharia bado. Lakini kuna mambo mawili yanayoipa nguvu na mimi nilipoyasikia kwenye semina nilishangaa. La kwanza ni panya wa maabara, tangu miaka ya 1950 wanasayansi wanajua kwamba ukimchoma panya sindano ya vijidudu vya TB vilivyokufa, vimekufa kabisa, ukavichanganya na mafuta, baada ya kama wiki mbili hivi miguu yake inavimba viungo. Mdudu mfu! Haambukizi chochote, haendi popote, na viungo vinavimba. La pili ni kwa binadamu, wagonjwa wa saratani ya kibofu cha mkojo kuna tiba yao ambapo wanawekewa ndani ya kibofu ile ile BCG, chanjo ya TB tunayochanja watoto wachanga begani, ili kuamsha kinga ipambane na saratani, na baadhi yao, wachache, wanavimba viungo. BCG imewekwa kwenye kibofu, kinachouma ni kifundo cha mguu.

Ni ugonjwa wa nadra, sitaki kumtisha mtu. Ila mwaka 2023 walioumwa TB duniani wanakadiriwa milioni 10.8 na waliokufa milioni 1.25, kwa wingi huo hata kitu cha nadra kinakuwa na watu wake wengi tu. Ripoti nyingi zinatoka India, na sio kwamba Wahindi wana magoti tofauti na ya kwetu, wana TB nyingi kama sisi alafu wana madaktari bingwa wa viungo wa kutosha wa kuziandika. Sisi hao mabingwa ni wa kuhesabu. Kwahiyo mgonjwa wa Poncet hapa kwetu anapita dispensari, anapita duka la dawa, anapita kwa mganga, na hakuna anayemwandika mahali popote.

Kinachomficha zaidi ni kikohozi. Nchi nzima tumefundishwa TB ni kukohoa, mabango yote yana mtu anakohoa, na kweli TB ya mapafu ndo nyingi na ndo inayoambukiza, wala silaumu mabango. Ila huyu wa viungo mara nyingi TB yake ipo kwenye tezi, hakohoi hata kidogo. Akiingia hospitali swali la kwanza ni unakohoa, anasema sikohoi, basi mlango wa TB umefungwa, anapelekwa dirisha lingine. Hata wale panya buku wetu waliofundishwa kunusa TB, wa Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, ambao kwa kweli ni sifa kubwa kwa nchi hii, wananusa makohozi, hawanusi goti.

Nitawapa mfano wa mama mmoja tu, alikuwa mama ntilie stendi, mtu wa kusimama kutwa jikoni. Vifundo vya miguu vilianza kuvimba, akaambiwa ni kusimama. Yakafuata magoti. Wenzake pale stendi wakasema amekanyaga kitu, kuna mtu kamwekea kwenye njia ya banda lake kwa wivu wa wateja, akapelekwa kwa mtaalamu akachanjwa chale magoti yote mawili na mbuzi akaenda. Akahamia kwenye dispensari ya mtu binafsi, mnajua wenyewe majibu ya kule, una taifodi na yutiai, akachomwa sindano za kutosha. Homa ya jioni ikawa inakuja na kwenda, hiyo nayo ikahesabiwa taifodi imerudi. Duka la dawa wakampa kile kikaratasi cha vidonge mchanganyiko, ndani yake kuna diklofenaki ya maumivu na kuna deksa, yaani deksamethazoni, dawa ya kushusha uvimbe inayolaza kinga ya mwili, akapata nafuu kubwa sana, akawa anakitafuta kile kikaratasi kila kikiisha. Mahali pengine wakampima kile kipimo cha damu cha baridi yabisi kikasoma kidogo juu, ikawa sasa ndo muhuri umegongwa, una baridi yabisi mama, utakunywa dawa maisha. Hapa niseme kitu, kipimo hicho kinaweza kusoma hata kwa mtu mwenye TB, na hata kwa magonjwa mengine ya muda mrefu, hakitoshi chenyewe kumpa mtu hukumu.

Aliyemwokoa ni tabibu kijana tu, wala sio bingwa. Alimwambia mama naomba utoe mtandio. Mama kavaa mtandio miezi yote hiyo, kila aliyempima kampima kuanzia magotini kwenda chini, hakuna aliyemwambia atoe mtandio. Chini ya taya na pembeni ya shingo kuna tezi kadhaa zimeshikana, haziumi ndo maana hata yeye mwenyewe hakuwahi kuzitaja. Wakachoma sindano kwenye tezi wakavuta, wakapeleka maabara, TB. Picha ya kifua safi. VVU hana. Maji ya goti yalishavutwa huko nyuma yakakutwa hayana kitu. Akaletwa kwetu kliniki ya TB akaanzishiwa vidonge, na dawa ya maumivu ya kawaida ya kumtuliza mwanzoni. Siku moja akaingia anacheka, "Sista leo sijapanda boda, nimekuja kwa miguu kutoka stendi." Alirudi bandani kwake kabla dozi haijaisha.

Sasa turudi kwenye kile kikaratasi, manake hapo ndo hasira yangu ilipo. Deksamethazoni na prednisoloni ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua, kuna TB nyingine kabisa kama ya utando wa ubongo ambapo daktari anaziongeza makusudi juu ya dawa za TB. Ila kumpa mtu mwenye viungo vilivyovimba bila kujua ana nini, wiki baada ya wiki, ni hatari kubwa. Uvimbe unashuka haraka kweli kweli, mgonjwa anakusifia, anawaletea na majirani. Wakati huo huo dawa hiyo imewalaza askari wa mwili waliokuwa wanamshikilia mdudu wa TB asitoke kwenye tezi. Kilichokuwa shingoni kinaweza kusambaa mapafuni na kwingine. Na kuna hili ambalo hata sisi wa afya linatupiga chenga, dawa hizo zikinywewa sana zinajaza uso, shavu linatuna, ndugu wanasema ooh mama siku hizi umenawiri, kwahiyo ukimuuliza umepungua uzito anakwambia wapi, nimenenepa. Homa nayo imefunikwa na vidonge hivyo hivyo. Maswali yetu yote ya kuchunguza TB anayafaulu kwa sababu ya dawa iliyokuwa inamuua taratibu.

Hili la kulaza kinga na TB kuamka limeshaonekana hata kwa wenye hospitali kubwa. Kuna dawa za kisasa za sindano za baridi yabisi, infliksimabu ni mojawapo, mwaka 2001 ilitoka ripoti Marekani ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kuanza kuitumia, toka hapo ikawa utaratibu mtu hapewi dawa za kundi hilo mpaka apimwe TB kwanza. Kule Marekani ambako TB ni chache wanapima kwanza. Hapa ambapo TB ipo kila mtaa tunauziana deksa kwenye kikaratasi cha gazeti, na samahani Mhariri lakini kuna siku kikaratasi chenyewe kilikuwa cha gazeti lenu.

Kuna jambo la pili lazima niliseme maana nikilinyamazia barua hii inaweza kuua watu. Yupo mgonjwa ambaye tayari anakunywa dawa za TB, zinamwenda vizuri, alafu katikati ya ile miezi miwili ya mwanzo viungo vinaanza kuuma, mabega, magoti, vidole. Akisoma barua yangu atasema eeh ndo ile Poncet. Mara nyingi hapana. Kile kidonge cha kwanza kina dawa nne ndani yake, rifampisini, aisonaziadi, pirazinamaidi na ethambuto, na hiyo pirazinamaidi ina tabia ya kuzuia figo zisitoe yuriki asidi, asidi ile ile ya jongo, inapanda kwenye damu na viungo vinauma. Ni kawaida sana, tumeona wengi. Dawa yake huwa ni kidonge cha maumivu cha kawaida kwa ushauri wa kliniki, na miezi miwili ikiisha pirazinamaidi inaondolewa kwenye dozi mtu anabaki na mbili kwa ile miezi minne, na maumivu yanaondoka nayo. Ila kuna wanaoacha dawa zote kimya kimya kwasababu ya magoti, hawatuambii, tunakuja kuwakuta wamerudi na TB iliyorudi kwa nguvu au imekuwa sugu. Nimewafuata majumbani watu wa namna hiyo, wengine mlangoni wanaanza kujificha wakidhani nimekuja kuwagombeza. Usiache. Njoo useme sista magoti yananiuma.

Kutofautisha hizo mbili kwa haraka haraka, ya Poncet kwa kawaida imeanza kabla mtu hajagundulika TB na dawa za TB zinaituliza, ya pirazinamaidi imeanza baada ya dawa. Nasema kwa kawaida, manake wapo ambao viungo vinavimba kwa nguvu baada ya kuanza dawa bila kosa la pirazinamaidi, kinga ya mwili imeamka inafanya fujo. Hiyo ni kazi ya daktari, sio ya mimi na wewe kwenye simu.

Na narudia kwa wale ambao wameshaanza kumtumia shangazi yao ujumbe kwamba goti lako ni TB. Tulieni. Mama wa miaka sabini goti moja linalomuuma akipanda ngazi, hana homa, hajakonda, huyo mwacheni na makala yenu ya awali, inamfaa. Viungo vingi vikivimba ghafla na homa kali na vipele inaweza kuwa chikungunya, ugonjwa ambao kwa mara ya kwanza uliandikwa hapa hapa kwetu, uwanda wa Makonde huko Newala, 1952 na 1953. Mtoto wa shule anayeumwa kiungo hiki leo kesho kile baada ya kuugua koo, hiyo inaweza kuwa homa ya baridi yabisi ambayo inashambulia moyo, akimbizwe. Mtoto mwenye maumivu makali ya mifupa ya kurudi rudi apimwe selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa damu. Wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi kuna bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Kijana aliyetoka kuumwa tumbo la kuhara au ugonjwa wa zinaa naye anaweza kuvimba magoti kwa mtindo huu huu wa kinga kuchanganyikiwa. VVU pia. Yani Poncet inafikiwa baada ya kupangua mengine na kukuta TB ya kweli mahali fulani mwilini, sio ya kubahatisha. Wala sikubaliani na wale wanaosema basi mpe tu dawa za TB tuone, dawa hizo ni miezi sita, zinaweza kuumiza ini, na ukimpa mtu asiyehitaji umempotezea na nafasi ya kujua anaumwa nini.

Nachotaka ni kitu kidogo. Mtu mwenye viungo vilivyovimba zaidi ya wiki mbili, hasa kijana au mtu wa makamo, na juu yake ana homa za jioni, au jasho la usiku mpaka shuka linalowa, au amepungua, au hana hamu ya chakula, au nyumbani kwao kuna mtu aliumwa TB, huyo ashikwe shingo, ashikwe kwapa, apigwe picha ya kifua, apimwe VVU, atoe makohozi kama yapo, na tezi ikionekana ichomwe sindano ipelekwe maabara. Wengine wanatoka na mabonge yanayouma kwenye ugoko, kwa ngozi zetu hayawi mekundu kama ya kwenye picha za vitabu vya Wazungu, yanakuwa meusi meusi kama mtu aliyejigonga, hayo nayo yaulizwe. Wewe mgonjwa ukiona daktari anaandika haraka haraka mwambie kwa heshima, daktari naomba na TB tuiangalie, na toa mtandio au fungua kola ya shati mwenyewe bila kusubiri kuambiwa. Ndugu zangu wa maduka ya dawa, najua mteja anakuja na elfu mbili anataka nafuu leo, mpe panado, mwambie aende kituo cha afya, kile kikaratasi kiacheni.

Kuna na la majirani. Mgonjwa wangu yule wa stendi ilipojulikana ni TB wateja walikimbia, wakasema tumekula maji ya magoti yake. Jamani TB haipiti kwenye goti. TB ya tezi peke yake haiambukizi kwa kula pamoja wala kulala pamoja, inayoambukiza ni ya mapafu na koo, kwa hewa, ndo maana tunapiga picha ya kifua kujua kama yapo yote mawili. Watu wa nyumbani kwake walipimwa wote kama utaratibu ulivyo, ni vizuri kupimwa kwasababu naye aliitoa kwa mtu fulani anayekohoa, na mtu huyo huenda bado anakohoa.

Ombi langu la mwisho haliendi kwako Mhariri, linapita kwako tu kwenda kwa wakubwa wa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mpango huo ulianza 1977, akina Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia, pamoja na Watanzania waliujenga hapa mpaka dunia nzima ikaja kuiga namna yetu ya kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa, kwahiyo hatujawahi kuwa wanafunzi wa nyuma kwenye TB. Ile fomu ya maswali ya uchunguzi inauliza kikohozi, homa, jasho, uzito. Ongezeni mstari mmoja: una uvimbe wowote shingoni, kwapani, au kwenye viungo? Mstari mmoja, hauhitaji mashine, hauhitaji mfadhili. Na mwandike pembeni kwa herufi ndogo kwamba anayeuliza ashike shingo kwa mkono wake, asiridhike na jibu la hapana.

Wako,
Nesi mstaafu, Korogwe